Mechi 160 za Randy Hundley, na kwa nini idadi ya mechi inadanganya

Rekodi ya Randy Hundley haitavunjwa. Mwaka 1968, akiichezea Chicago Cubs, alidaka (yaani alicheza nafasi ya mdakaji) mechi 160 katika msimu wenye ratiba ya mechi 162. Hakuna mdakaji mwingine wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani aliyewahi kufika hapo, kabla yake wala baada yake. Siku hizi mdakaji akipita mechi 130 anaitwa chuma, na timu nyingi zinaridhika kabisa mdakaji wao wa kwanza akimaliza msimu na 110 au 115.

Takwimu hizi zikitajwa tu, maneno ni yaleyale: wa zamani walikuwa wagumu, wa sasa wanadekezwa. Sikubaliani nayo, kwa sababu hesabu yenyewe imeanza vibaya. Kupima kazi ya mdakaji kwa idadi ya mechi ni sawa na kupima lori kwa idadi ya safari bila kuuliza limebeba tani ngapi na limepita barabara gani. Mechi ya 1968 na mechi ya 2024 hazina mzigo mmoja. Tena ukiwachunguza waliodumu kwelikweli, wale waliovuka mechi 2,000, utakuta wengi wao hawakuwahi hata kukaribia alichofanya Hundley.

Kazi ya usiku mmoja

Kwa asiyeufuatilia sana mchezo huu: mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa kinga ya uso, kinga ya kifua na vilinda ugoko. Mrushaji anasimama mita 18.44 mbele yake. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu kama ngumi. Mdakaji ndiye anayependekeza aina ya mpira utakaorushwa, anaupokea, anauzuia usipite, na mshindani akijaribu kuiba besi ya pili, yaani kukimbilia kituo hicho bila mpira kupigwa, yeye ndiye anayeurusha mita 38.8 kwa haraka. Kutoka mpira unapogusa glavu yake hadi unapofika besi ya pili, sekunde 2.0 ni kiwango cha kawaida kwenye Ligi Kuu. Ukiona 1.9 una mtu mzuri sana.

Sasa hesabu. Timu moja leo hurusha mipira kama 145 hadi 150 katika mechi ya iningi (vipindi) tisa. Mdakaji huchuchumaa kwa kila mmoja, hata ule ambao mpigaji ataupiga. Toa ile inayopigwa uwanjani na ile inayopigwa nje ya mstari, inabaki zaidi ya 90 inayotua kwenye glavu, kifuani au mkononi. Halafu kuna kazi isiyoandikwa popote. Kabla ya mechi, mrushaji wa kwanza anapasha moto kwa mipira 30 hivi, na mara nyingi mdakaji wa siku ndiye anayempokea. Kila iningi inapoanza kuna mipira michache ya kupasha. Kila mrushaji mpya akiingia, tena. Ukijumlisha yote, unapata kuchuchumaa zaidi ya mara 200 kwa usiku mmoja, na kila mpira uliodakwa lazima urudishwe kwa mrushaji kwa mkono.

Bado hujahesabu mbio. Mpira ukipigwa chini na hakuna mtu kwenye besi, mdakaji anatakiwa akimbie na vazi lake lote kuelekea besi ya kwanza ili afunike endapo mpira utapotea. Mtazamaji haoni kwa sababu macho yako kwenye mpira. Mara tano au sita kwa usiku, karibu mita 27 kila mara.

Kilichobadilika zaidi tangu 1968 ni aina ya mipira yenyewe. Mwaka ule uliitwa mwaka wa warushaji: kila timu ilipata wastani wa pointi 3.42 tu kwa mechi. Wapigaji walitolewa haraka, na warushaji walimaliza mechi zao wenyewe. Ferguson Jenkins, mwenzake Hundley pale Cubs, alimaliza mechi 20 msimu huo peke yake. Wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu (straiki ni mpira mzuri alioukosa au kuuacha) walikuwa kama 5.9 kwa timu kwa mechi. Mwaka 2023 walikuwa 8.6. Mtu hatolewi kwa straiki kwa chini ya mipira mitatu, na kwa kawaida huchukua karibu mitano. Hapo ndipo mipira inapoongezeka.

Kasi nayo imepanda. Mpira wa kasi ulikuwa na wastani wa kilomita 148 hivi kwa saa mwaka 2008, na sasa umepita 151. Tena warushaji wa leo hutumia mpira wa kasi kwa uchache kuliko zamani. Wanapenda ile inayopinda na kudondoka dakika ya mwisho, na wanailenga chini ya magoti makusudi ili mpigaji apige hewa. Kila mpira wa namna hiyo ni kazi kwa mdakaji: magoti yote chini, glavu katikati ya mapaja, mabega yainame mbele ili mpira ukigonga kifua udondoke karibu, kidevu kiguse kifua. Akichelewa kuingiza kidevu, anapigwa kooni. Akigeuza uso, mpira unamkuta sikioni au kwenye bega lisilo na kinga. Mechi yenye mrushaji mkali wa mipira ya kudondoka humtoa mdakaji na alama mikononi na kwenye mfupa wa bega hata kama hakuna aliyeandika jeraha lolote.

Halafu idadi ya watu wa kuwajua. Timu nyingi sasa hutumia warushaji zaidi ya 30 katika msimu. Mdakaji lazima ajue mpira wa kila mmoja unapinda kiasi gani, anaogopa nini, na anakosea upande gani akichoka. Mikutano na kompyuta huanza saa kadhaa kabla ya mechi. Hundley alihitaji kuwajua wachache tu, tena wale wale wiki baada ya wiki.

Lakini Hundley naye hakupata starehe

Haki itendeke pande zote. Uwanja wa Cubs, Wrigley Field, haukuwa na taa hadi Agosti 1988. Mechi zote za nyumbani zilichezwa mchana, Julai na Agosti pia, juani. Kulikuwa na siku nyingi za mechi mbili mfululizo, na Hundley mara nyingi alidaka zote mbili. Kocha wake, Leo Durocher, hakuwa mtu wa kumpumzisha mchezaji anayemwamini.

Tazama mfululizo wake: mechi 149 mwaka 1966, kisha 152, 160 na 151. Jumla 612 kwa misimu minne. Mwaka ule wa rekodi alipiga kwa wastani wa .226, yaani mapigo 226 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio 1,000. Mwaka 1969 Cubs waliongoza kundi lao kwa muda mrefu kisha wakaporomoka Septemba, New York Mets wakapita. Kikosi kilichokuwa kimechoka kinatajwa hadi leo kama sababu mojawapo. Mwaka 1970 magoti yalimwachia Hundley mechi 73 tu. Mwaka 1971 alicheza mechi 9. Alikuwa bado hajafika miaka 30.

Mwanawe, Todd Hundley, naye akawa mdakaji. Mwaka 1996 alicheza mechi 153 akiwa na Mets, karibu zote nyuma ya besi ya nyumbani, pale mpigaji anaposimama, na akapiga homurani 41 (mapigo yanayotoa mpira nje ya uwanja). Septemba mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa kuunganisha upya kano ya kiwiko, na Mei 1998, akiwa bado anajiuguza, timu ikamchukua mdakaji mwingine, Mike Piazza. Sisemi mechi 153 peke yake ndiyo iliyomvunja. Viwiko huvunjika kwa sababu nyingi. Ila familia hiyo moja inatosha kuonyesha kwamba msimu mkubwa wa mdakaji una bili inayofuata.

Wale waliodaka kila mechi ya timu yao mwaka 1944, Frankie Hayes wa Philadelphia Athletics na Ray Mueller wa Cincinnati Reds, kila mmoja mechi 155, walifanya hivyo wakati vita ilikuwa imechukua wachezaji wengi. Mfululizo wa Hayes ulifika mechi 312 bila kukosa, ukakatika Aprili 1946. Nani angempumzisha, na amweke nani? Hilo ni jambo la orodha ya kikosi kuliko la ushujaa.

Vidole kwanza, magoti baadaye

Wadakaji wa karne ya 19 hawakudumu, na sababu yake haikuwa magoti. Ilikuwa vidole. Walidaka kwa mikono mitupu au na glavu nyembamba ya ngozi, wengi wakisimama mbali nyuma ya mpigaji ili mpira udunde kwanza. Timu zilimuoanisha kila mrushaji na mdakaji wake, na jozi hiyo ikipumzika, inapumzika pamoja. Kinga ya uso ilitoka Harvard, kwa Fred Thayer, mwaka 1877. Kinga ya kifua ikafuata miaka ya 1880. Glavu nene ya mdakaji ilipoingia mwishoni mwa muongo huo, mara moja idadi ya mechi ikaruka: Chief Zimmer wa Cleveland alidaka 125 mwaka 1890, idadi ambayo miaka kumi kabla ingeonekana kichekesho.

Roger Bresnahan wa New York Giants alitoka na vilinda ugoko mwaka 1907, na mashabiki wakamcheka. Miaka miwili baadaye George Gibson wa Pittsburgh alidaka mechi 150.

Unaona mpangilio? Kila kifaa kilipookoa kiungo kimoja, makocha waliichukua ile akiba yote na kuigeuza kuwa mechi zaidi, hadi kiungo kingine kikaanza kulalamika. Hundley mwenyewe ni mfano. Yeye na Johnny Bench, mdakaji wa Cincinnati Reds, ndio waliosambaza glavu yenye bawaba, inayofunga kwa mkono mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo glavu ilikuwa kama mto mdogo. Mpira unaingia, mkono wa kulia unaufunika haraka usitoke, na mpira uliokwaruza gongo la mpigaji ukipinda kidogo unavunja kidole kilicho wazi. Kwa glavu mpya, mkono wa kurushia ulifichwa nyuma ya mguu au mgongoni. Vidole vikapona. Mzigo wote ukahamia kwenye magoti, nyonga na kidole gumba cha kushoto, kile kinachokaa ndani ya glavu na kupokea mpira unaozama ghafla.

Bench alidaka mechi 154 mwaka 1968 akiwa na miaka 20, na akadaka zaidi ya 100 kwa misimu 13 mfululizo, sawa na Bill Dickey wa Yankees kabla yake. Jumla yake ya maisha ni mechi 1,742. Misimu yake mitatu ya mwisho, 1981 hadi 1983, alihamia besi ya kwanza na ya tatu, na alistaafu akiwa na miaka 35.

Waliodumu

Orodha ya waliodaka mechi nyingi zaidi maishani inaanza hivi: Iván Rodríguez 2,427, Carlton Fisk 2,226, Bob Boone 2,225, Yadier Molina 2,184. Katika hao wanne, ni Fisk peke yake aliyewahi kuvuka mechi 150 nyuma ya besi ya nyumbani kwa msimu mmoja, mwaka 1977 na 1978. Na baada ya misimu hiyo miwili? Mwaka 1979 kiwiko kilimsumbua hivi kwamba alidaka chini ya nusu ya mechi za timu yake. Al López, aliyeshikilia rekodi ya maisha kwa miongo minne hadi Boone alipoivunja Septemba 1987, naye hakuwahi kufika 150 kwa msimu.

Yupo anayeipinga hoja yangu, na jina lake ni Jim Sundberg. Alidaka 155 kwa Texas Rangers mwaka 1975, akaendelea na misimu ya namna hiyo hadi 1980 katika joto la Texas, na bado akamaliza na 1,927. Kwa hiyo sio sheria ya maumbile. Miili haifanani. Ninachosema ni kwamba kocha anayepanga kikosi akitegemea kwamba amempata Sundberg, kwa kawaida atakuwa amempata Hundley.

Rodríguez alianza Juni 1991 akiwa na miaka 19 na akamaliza 2011. Alimpita Fisk tarehe 17 Juni 2009 akiwa na Houston Astros, mechi ikichezwa kwenye uwanja wa Rangers alikoanzia. Boone alishinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, akiwa na miaka 41, mwaka 1989. Akiwa Philadelphia alifanya mazoezi na Gus Hoefling, mkufunzi wa kung-fu, yale ya kunyoosha viungo na kushika mkao wa chini kwa muda mrefu, wakati wachezaji wengi wa enzi hiyo walidhani mazoezi ni kukimbia mizunguko. Molina alibaki St. Louis tangu 2004 hadi 2022, na alianza mechi 328 pamoja na mrushaji Adam Wainwright, rekodi ya jozi. Kumjua mrushaji kiasi hicho ni akiba ya mwili pia. Mdakaji anayejua mpira unakoelekea hasogei hovyo, haruki, na hapigwi na mpira asioutarajia.

Fisk ndiye aliyekuwa na siku ya ajabu kuliko zote. Mei 1984, timu yake, Chicago White Sox, na Milwaukee Brewers walicheza iningi 25, saa 8 na dakika 6, mechi ikakatizwa usiku na kumaliziwa kesho yake. Fisk, miaka 36, alidaka iningi zote. Yogi Berra alifanya jambo la karibu na hilo Juni 24, 1962 huko Detroit: iningi 22, saa 7, na alikuwa na miaka 37. Katika takwimu, kila mmoja anahesabiwa mechi moja. Moja! Ndiyo maana nasema kipimo hiki ni kibovu.

Na kuna mechi ambazo hazihesabiwi kabisa. Mdakaji Josh Gibson alicheza kwenye ligi za Weusi, za wachezaji waliozuiwa kucheza Ligi Kuu kwa rangi yao, ambako ratiba rasmi ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Siku zilizobaki timu zilizunguka kwa basi kucheza mechi za maonyesho mji kwa mji, kisha majira ya baridi wachezaji wakaenda Karibiani na Meksiko. Takwimu za ligi hizo ziliingizwa rasmi kwenye rekodi za Ligi Kuu mwaka 2024, na Gibson akawa kinara wa wastani wa kupiga wa maisha kwa .372, lakini mechi zake zinazotambuliwa ni chache mno ukilinganisha na zile alizodaka kweli. Roy Campanella, aliyeanza na Elite Giants, timu ya ligi hizo hizo, akiwa na miaka 15, mwenyewe alisimulia kudaka mechi nne kwa siku moja. Ukitaka kujua nani alidaka zaidi katika historia ya mchezo huu, jibu huenda haliko kwenye orodha niliyoitoa hapo juu.

Kichwa na mguu

Muda mrefu jeraha lililoogopwa lilikuwa la kugongana pale besi ya nyumbani, mkimbiaji akija kwa kasi na mdakaji akiwa ameziba njia. Mei 25, 2011 Scott Cousins wa Marlins alimgonga Buster Posey wa San Francisco. Mfupa mwembamba wa mguu ukavunjika na kano za kifundo zikachanika. Posey alirudi 2012, akapiga .336 na kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Sheria ilibadilishwa 2014: mkimbiaji hawezi kumlenga mdakaji, na mdakaji bila mpira mkononi hawezi kuziba njia.

Hatari iliyobaki ni ndogo kwa macho na kubwa kwa kichwa. Mpira uliokwaruza gongo hubadilisha mwelekeo sentimita chache tu na kugonga kinga ya uso kwa kasi karibu yote iliyokuja nayo. Mike Matheny alistaafu kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo iliyomkumba 2006. Joe Mauer, mdakaji aliyeshinda taji la wastani wa kupiga mara tatu, alipigwa hivyo Agosti 2013, na hakudaka tena kama kazi yake. 2014 alikuwa besi ya kwanza. Tangu 2011 kuna orodha maalumu ya siku 7 ya majeruhi wa mtikisiko wa ubongo. Sehemu kubwa ya mechi zinazoonekana zimepungua kwa wadakaji wa leo ni hizi: siku ambazo zamani mtu angeambiwa avute pumzi arudi.

Kinga ya uso ya mtindo wa golikipa wa hoki, iliyoletwa na Charlie O'Brien wa Toronto mwaka 1996, inafunika pande zote za kichwa na kuufanya mpira uteleze. Wapo wanaopendelea ile ya zamani ya vyuma, kwa hoja kwamba inaruka kichwani ikipigwa na kuondoka na nguvu. Wote wawili wana hoja. Kinachowaumiza zaidi ni mikanda iliyolegea au sponji iliyokufa ndani. Kinga ikigusa kidevu moja kwa moja, mfupa wa taya ndio unaopeleka pigo kwenye ubongo.

Goti moja chini

Ukiangalia mechi leo utaona karibu wadakaji wote wamepiga goti moja chini badala ya kuchuchumaa kwa miguu miwili. Si jambo jipya kabisa: Tony Peña alidaka miaka ya 1980 akiwa amenyoosha mguu mmoja pembeni, na akamaliza na mechi 1,950. Lakini lilienea karibu na 2019 na 2020, na sababu haikuwa magoti. Kamera za kufuatilia mpira zilionyesha kwamba mdakaji anayeupokea mpira wa chini kwa glavu inayotoka chini kwenda juu humfanya mwamuzi aone straiki. Huku ndiko kuuweka mpira kwenye fremu, na timu ziligundua una thamani ya ushindi kadhaa kwa msimu. Goti likiwa chini, glavu inaanzia chini kabisa na bega linatulia.

Faida ya mwili ikaja bure. Uzito hauning'inii tena kwenye kano za goti lililokunjwa mpaka mwisho. Gharama ni nyonga: mguu uliotanuliwa nje huivuta nyonga ya upande huo kwa pembe mbaya, na asiyenyoosha viungo atalisikia kinenani kabla ya goti.

Kuna gharama nyingine ambayo inanikera zaidi. Ili kuunasa mpira kabla haujadondoka, wadakaji wamesogea karibu na mpigaji. Gongo linapozunguka nyuma, mkono wenye glavu uko njiani. Mei 7, 2024 gongo la J.D. Martinez lilivunja mkono wa kushoto wa Willson Contreras wa St. Louis. Mwaka uliofuata Contreras alikuwa akicheza besi ya kwanza. Mdakaji mmoja ametoka kwenye nafasi yake kwa ajili ya sentimita chache za straiki.

Jinsi ya kupanga mapumziko

Kwa wanaofundisha, mambo yanayofanya kazi ni ya kawaida sana. Mechi ya mchana baada ya mechi ya usiku ni ya mdakaji wa pili, bila mjadala. Mfululizo wa kuanza usizidi mechi tano. Mkiongoza au mkifungwa kwa pointi nane katika iningi ya saba, mtoe. Umeokoa mipira 30 hadi 45, na kwa msimu mzima hiyo ni sawa na mechi kadhaa. Siku ya kuwa mpigaji mteule, yule anayepiga bila kulinda, ni nusu mapumziko: miguu inapona, mgongo na mikono havijapona. Tangu ligi zote mbili zinazounda Ligi Kuu zianze kumtumia mpigaji mteule mwaka 2022 njia hii iko wazi kwa kila timu. Cal Raleigh wa Seattle alicheza mechi 159 mwaka 2025 na kupiga homurani 60, idadi ambayo hakuna mdakaji aliyewahi kuifikia, lakini karibu robo ya mechi hizo alikuwa mpigaji mteule. Mwaka 1968 nafasi hiyo haikuwepo. Ilianza 1973, tena kwa ligi moja tu.

Usisubiri aseme amechoka, hatasema. Tazama mpira anaoutupa besi ya pili: ukianza kupaa au kukimbilia upande wa kulia, miguu haisukumi tena na mkono unafanya kazi ya miguu. Tazama mpira anaomrudishia mrushaji: ukiwa na upinde mrefu, bega limechoka. Mipira ya kudondoka ikianza kumpita upande ule ule, nyonga hiyo haiteremki. Anaposimama kwa kusukuma goti kwa mkono, ulitakiwa umtoe jana.

Kwa watoto sheria ni kali zaidi na ziko sahihi. Katika Little League, besiboli ya watoto, aliyedaka iningi nne au zaidi haruhusiwi kurusha siku hiyo, na aliyerusha mipira 41 au zaidi haruhusiwi kudaka. Mkono hauelewi tofauti ya majina ya nafasi. Hili linatuhusu Afrika Mashariki, hasa Uganda, ambako vijana wengi wenye kipaji huchezeshwa nafasi zote mbili kwa sababu ndio bora kikosini. Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda aliyejulikana dunia nzima kwa video za kuchuchumaa na matairi na akafika kucheza Frederick Keys, timu ya Marekani, mwaka 2023, amewafanya wengi waige mazoezi yale. Nguvu ya miguu ni nzuri. Wanaoiga wakumbuke tu kwamba kuchuchumaa na uzito siku ya mechi kunahesabiwa katika zile mara 200.

Kuanzia msimu wa 2026 Ligi Kuu inatumia mfumo wa kukata rufaa ya straiki kwa kamera. Kila timu ina rufaa mbili, na wanaoruhusiwa kuziomba ni mpigaji, mrushaji na mdakaji tu, kwa kugusa kofia papo hapo. Mdakaji ndiye mwenye macho mazuri kuliko wote watatu, kwa hiyo kazi imeongezeka. Lakini straiki za kuibiwa kwa fremu zikianza kurudishwa kwa rufaa, sababu ya kuukaribia gongo itapungua, na wadakaji wanaweza kurudi nyuma sentimita kumi.